Tuhesabu Kwanza, Ndipo Tuwanyweshe: Hadubini kwa Ajili ya Mbuzi wa Mgeta

Mazungumzo ya mtaalamu wa maabara ya mifugo, mzaliwa wa Mgeta, kwenye kikao cha maandalizi ya harambee ya mwaka. Yamechapwa hapa kwa ombi la kamati, ili na wale ambao hawakuwapo wayasome kabla ya kutoa michango yao.



Mwenyekiti amenipa nusu saa, na amenionya nisigeuze kikao kuwa darasa. Nitajitahidi. Lakini jambo lenyewe linataka tuelewane kidogo kabla mtu hajaingiza mkono mfukoni, kwa sababu mwaka huu kamati imeletewa mapendekezo mawili kuhusu mbuzi wetu, na fedha tunayotarajia inatosha pendekezo moja tu.

Pendekezo la kwanza ni kununua katoni za dawa ya minyoo, zipelekwe Nyandira, Langali, Tchenzema, Bunduki na Kikeo, na kila baada ya miezi mitatu mbuzi wote wanyweshwe dawa siku moja. Pendekezo la pili ni kununua hadubini, slaidi za kuhesabia mayai ya minyoo na vifaa vichache vya mezani, kisha vijana wetu wawili wafundishwe kuvitumia chini ya uangalizi wa afisa mifugo.

Najua pendekezo la kwanza linapendwa zaidi. Dawa inaonekana kwa macho. Katoni inapigwa picha, na mfugaji anarudi nyumbani na kitu mkononi. Hadubini inakaa mezani, na wengi wetu hatutaigusa maisha yetu yote. Hata hivyo nimesimama kulitetea pendekezo la pili, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kuamua.

MALI TUNAYOIZUNGUMZIA

Kwetu ni milimani. Mashamba ni madogo, yamening'inia kwenye miteremko ya Uluguru, na sehemu ya kulishia ng'ombe haipo. Ndiyo maana mbuzi wa maziwa wa Kinorwe, walioletwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Norwe, walipokewa vizuri. Mbuzi anaenea kwenye banda dogo la nguzo nyuma ya nyumba. Anakula majani yanayokatwa na kubebwa kichwani. Maziwa yake yanakunywewa na watoto, samadi yake inakwenda kwenye kabichi, karoti na njegere, na shule zinapofunguliwa, mwanambuzi mmoja anayeuzwa huwa ndiyo daftari, sare na nauli.

Kwa hiyo mbuzi akifa, au akikonda hadi maziwa yakakauka, nyumba nzima inatikisika. Nasi tunaoishi mjini tunalijua hilo haraka, maana simu ya kuomba ada hupigwa kwetu.

ADUI ASIYEONEKANA

Mbuzi anaweza kuwa na minyoo wa aina nyingi, lakini mmoja ndiye mharibifu kuliko wenzake katika nchi zenye joto na mvua. Anaishi kwenye tumbo la nne la mbuzi au kondoo. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Urefu wake ni kama sentimita mbili au tatu, mwembamba kama uzi, na chakula chake ni damu.

Mnyoo mmoja hunyonya kiasi kidogo sana, kama mililita 0.05 kwa siku. Mtu atasema hicho si kitu. Lakini mbuzi mwenye minyoo 5,000 anapoteza mililita 250 kila siku, yaani robo lita. Mbuzi wa kilo 30 ana damu ya karibu lita mbili tu mwilini mwake. Pigeni hesabu wenyewe. Ndiyo maana mnaona mbuzi aliyekuwa mzima wiki iliyopita leo macho yamekuwa meupe ndani ya kope, ana uvimbe laini chini ya taya, anasimama nyuma ya wenzake, na kesho asubuhi yuko chini.

Mnyoo huyo jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai yanatoka na kinyesi. Pakiwa na unyevu na joto la kutosha, yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi vijinyoo vyake vinakuwa tayari kuambukiza. Vinapanda kwenye majani pamoja na umande, vikisubiri mdomo wa mbuzi.

Mtu ataniuliza: mbuzi wetu wako bandani, minyoo inatoka wapi? Inatoka kwenye majani tunayowakatia. Majani ya bondeni na ya kando ya njia, mahali ambapo mbuzi wa watu wengine wamepita, yakikatwa alfajiri yakiwa yameloa na yakikatwa karibu kabisa na ardhi, yanabeba vijinyoo hadi bandani. Banda la juu lenye sakafu ya mbao zilizoachana linasaidia sana, kwa sababu kinyesi kinaanguka chini na mbuzi hakanyagi chakula chake. Linapunguza tatizo, lakini halilimalizi.

KWA NINI JICHO HALITOSHI

Mbuzi akikonda, sisi sote tunasema neno moja: minyoo. Tunakwenda duka la dawa za mifugo, tunanunua chupa, tunamnywesha. Lakini mbuzi anaweza kukonda kwa njaa ya kiangazi, kwa meno mabovu, kwa ugonjwa wa kuhara unaoshika wanambuzi na ambao hausababishwi na minyoo kabisa, au kwa minyoo wa ini ambao dawa aliyopewa haiwagusi. Ukimnywesha dawa ya minyoo mbuzi mwenye njaa, umelipa fedha na bado ana njaa.

Upande wa pili, kuna mbuzi wananenepa na wanang'aa huku wakitoa maelfu ya mayai kila siku. Wao wanastahimili, ila ndio wanaochafua majani ya wote. Kwa macho tu humtambui.

Hapo ndipo slaidi inapoingia.

SLAIDI INAVYOFANYA KAZI

Ni kifaa kidogo cha kioo au plastiki, kinachoenea kiganjani. Kina vyumba viwili vidogo. Juu ya kila chumba kumechorwa mraba wa sentimita moja kwa sentimita moja, wenye mistari ndani yake, na kina cha chumba ni milimita 1.5. Kwa hiyo chini ya kila mraba kuna mililita 0.15 za maji kamili, si zaidi wala si pungufu. Vyumba viwili vinakuwa mililita 0.3. Siri yote ya kifaa iko katika vipimo hivyo.

Kazi inakwenda hivi. Unachukua kinyesi kibichi cha mbuzi, gramu 2, ambazo ni punje chache tu. Unakiponda ndani ya mililita 28 za maji yaliyokolea chumvi, chumvi hii hii ya jikoni, iliyokorogwa hadi maji yakakataa kuyeyusha zaidi. Unachuja kwa chujio la chai. Unachota yale maji kwa kibomba kidogo na kujaza vyumba viwili vya slaidi. Unasubiri kama dakika tano.

Maji ya chumvi ni mazito kuliko yai la mnyoo, kwa hiyo mayai yanaelea juu na kugusa kioo, na uchafu mwingi unazama. Unaweka slaidi chini ya hadubini inayokuza mara 100, unapita mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia tuta, unahesabu kila yai unaloliona ndani ya miraba miwili. Kisha unazidisha kwa 50. Jibu ni idadi ya mayai katika gramu moja ya kinyesi.

Mbona 50? Kwa sababu gramu 2 ndani ya mililita 28 zinafanya jumla ya takribani mililita 30, na slaidi imeshika mililita 0.3, yaani sehemu moja ya mia. Umeangalia sehemu moja ya mia ya gramu 2. Ukitaka idadi katika gramu 2 unazidisha kwa 100, na ukitaka katika gramu 1 unazidisha kwa 50. Kijana aliyemaliza darasa la saba anaiweza hesabu hiyo.

Tuchukue mfano. Chumba cha kushoto kina mayai 12, cha kulia 14. Jumla 26, mara 50, ni mayai 1,300 kwa gramu. Huyo ana mzigo wa kutosha. Mbuzi wa pili, mayai 2 tu pande zote, ni 100 kwa gramu. Huyo mwache, dawa yake ibaki kwenye chupa.

Slaidi hii inaitwa McMaster, na jina hilo lina funzo kwa watu wa harambee kama sisi. McMaster hakuwa mtaalamu wa minyoo. Frederick McMaster alikuwa mfugaji wa kondoo huko Australia, ambaye mwaka 1929 alitoa pauni 20,000 ili ijengwe maabara ya afya ya mifugo mjini Sydney. Maabara ilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1939 watafiti wake wawili, Gordon na Whitlock, walitangaza njia hii ya kuhesabu mayai kwenye kinyesi cha kondoo. Zaidi ya miaka 80 baadaye bado inatumika duniani kote, karibu vilevile ilivyokuwa. Mfugaji mmoja aliona kwamba kulia juu ya kondoo wanaokufa hakutoshi, akalipia meza ya kuwachunguzia.

HATARI YA KUMNYWESHA KILA MBUZI

Sasa nafika kwenye kiini cha hoja yangu, na hapa ninaomba walimaji wa kabichi wanisaidie. Nyote mnakumbuka dawa za kuua viwavi ambazo zamani kifuniko kimoja kilisafisha shamba, na baadaye hata ukimwaga chupa nzima viwavi wanaendelea kutoboa majani. Dawa haikubadilika. Viwavi walibadilika. Wale waliokuwa dhaifu walikufa, wachache waliostahimili wakazaana, na sasa shamba limejaa wajukuu wa waliostahimili. Hali hiyo tunaiita usugu.

Minyoo wa mbuzi nao wako hivyo, na wana kasi. Dawa iitwayo thiabendazole ilipoingia sokoni mwaka 1961 ilionekana kama muujiza. Kufikia mwaka 1964 tayari ilikuwa imeripotiwa Marekani kwamba kuna Haemonchus ambao hawafi kwa dawa hiyo. Miaka mitatu tu. Ivermectin nayo, ambayo wagunduzi wake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilianza kushindwa na minyoo ya kondoo huko Afrika Kusini katika miaka ya 1980, muda si mrefu baada ya kuanza kutumika.

Na dawa hazipo nyingi. Ukiangalia rafu ya duka utaona majina kumi, rangi kumi na bei kumi, lakini ukisoma maandishi madogo utakuta nyingi ni za koo tatu tu: koo ya albendazole, koo ya levamisole na koo ya ivermectin. Minyoo wakishakuwa sugu kwa albendazole ya kopo la bluu, albendazole ya kopo la kijani haitakusaidia. Tukizichosha koo zote tatu hapo Mgeta, hakuna duka la Morogoro wala la Kariakoo litakalotuuzia ya nne kwa urahisi.

Je, ni njia gani ya haraka zaidi ya kuzalisha minyoo sugu? Nyoosheeni kidole pendekezo la kwanza. Mbuzi wote, siku moja, dawa ile ile, kila miezi mitatu. Siku hiyo minyoo wote dhaifu ndani ya mbuzi wa kata tano wanakufa, na wanaobaki kutaga ni wale waliostahimili tu. Tutakuwa tumechangishana fedha ili kuwachagulia mbegu bora.

Mbuzi wachache wakiachwa bila dawa, hasa wale wenye mayai machache, minyoo dhaifu wanabaki pia, wanachanganyika na wale sugu, na usugu unachelewa. Hilo linawezekana kwa sababu minyoo hawagawanyiki sawa. Mara nyingi sehemu ndogo ya kundi, kama mbuzi wawili katika kumi, ndiyo imebeba sehemu kubwa ya minyoo. Ukiwajua hao wawili, ukawatibu hao, umefanya kazi kubwa kwa dawa kidogo. Ila kuwajua ni lazima uhesabu.

KUIPIMA DAWA YENYEWE

Slaidi ina kazi nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Inaipima dawa.

Unahesabu mayai ya mbuzi kumi au zaidi leo, unawanywesha dawa kwa kipimo sahihi cha uzito wao, na baada ya siku 14 unahesabu tena. Dawa inayofanya kazi hupunguza mayai kwa asilimia 95 au zaidi. Kama wastani ulikuwa 1,200 na sasa ni 60 au chini yake, dawa bado inafaa. Kama wastani ulikuwa 1,200 na sasa ni 300, imepungua kwa asilimia 75 tu. Hapo tuna shaka: ama kipimo kilikuwa kidogo, ama dawa ni mbovu au imepitwa na muda, ama minyoo wameanza kuwa sugu. Vyovyote vile, fedha ya mfugaji inapotea, na ni afadhali tujue mwezi huu kuliko kujua baada ya kuzika mbuzi.

Kuhusu kipimo niseme neno moja. Mwili wa mbuzi huivunja na kuitoa dawa hizi haraka kuliko mwili wa kondoo, na kipimo kilichoandikwa kwa kondoo mara nyingi hakimtoshi. Nasi tunaongeza tatizo kwa kukadiria uzito kwa macho na kubana chupa ienee mbuzi wengi. Dawa pungufu ni shule ya minyoo. Kwa hiyo kipimo cha mbuzi ulizeni kwa afisa mifugo, na ulizeni pia ni siku ngapi maziwa yasinywewe baada ya dawa.

MAMBO AMBAYO SLAIDI HAIWEZI

Sitaki mtu aseme baadaye kwamba tuliuziwa maneno. Slaidi hii ina mipaka yake.

Haioni minyoo wachanga. Haemonchus huchukua kama wiki tatu tangu kumezwa hadi kuanza kutaga, na kabla ya kutaga tayari ananyonya damu. Mbuzi anaweza kuishiwa damu huku slaidi inaonyesha mayai machache. Kwa hiyo hesabu hutumika pamoja na kuangalia rangi ya ndani ya kope. Kuna kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini, inayoitwa FAMACHA, inayomfundisha mfugaji kulinganisha rangi ya kope: nyekundu ni mzima, nyeupe ni hatari. Tumeiweka kwenye orodha ya vifaa.

Haifai kwa mayai ya minyoo wa ini, kwa sababu hayo ni mazito na hayaelei kwenye maji ya chumvi. Kwa hayo kuna njia nyingine ya kuyaacha yazame, na hadubini hiyo hiyo itatumika.

Tena, mayai ya aina kadhaa za minyoo ya tumbo na utumbo yanafanana sana. Slaidi inasema ni mengi au machache, haisemi kila mara ni ya nani hasa. Na hesabu chini ya 50 haionekani kabisa. Hayo yote yanajulikana, na ndiyo sababu kijana wa hadubini hufanya kazi na afisa mifugo wala hajitangazi kuwa daktari.

KWA NINI IWE MLIMANI NA SI MOROGORO

Mjumbe mmoja aliniuliza swali zuri: chuo kikuu cha kilimo kipo hapo chini mjini, kina wataalamu na maabara, kwa nini sampuli zisipelekwe huko?

Jibu ni joto na muda. Kinyesi cha mbuzi kikikaa kwenye mfuko wa plastiki, kikashuka mlima hadi Mlali, kikapata jua la bonde na foleni ya kusubiri hadi kesho, mayai yanaanza kuanguliwa njiani. Yakishaanguliwa, slaidi haina cha kuhesabu, na mfugaji anaambiwa mbuzi wake ni mzima. Sampuli nzuri ni ya siku hiyo hiyo, iliyowekwa mahali pa baridi. Na mama mwenye mbuzi watatu hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya punje za kinyesi. Meza ikiwa Nyandira, ataipitia siku ya gulio akiwa na mzigo wake wa karoti, na atapata jibu kabla hajarudi nyumbani.

Chuo tunakihitaji, ila kwa kazi yake: kutufundishia vijana, kukagua hesabu zao mara kwa mara, na kupokea yale yanayotushinda. Maombi ya jambo hilo tutayaandika pindi vifaa vikiwa na uhakika.

TUNACHOOMBA

Orodha si ndefu. Hadubini moja yenye taa yake na betri ya kuchaji, kwa sababu umeme kwetu haukawii kukatika. Slaidi za kuhesabia nne, mbili za kazi na mbili za akiba. Zinaoshwa na kutumika tena miaka mingi zikitunzwa. Mizani ndogo ya gramu. Mizani ya kuning'inia ya kumpimia mbuzi uzito. Vikombe, machujio, vibomba, glavu, sabuni, chumvi. Kadi za rangi za kope. Kabati lenye kufuli. Daftari kubwa la kumbukumbu. Na gharama za mafunzo ya vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ambao wameahidi kubaki nyumbani. Makisio ya bei anayo Mhazini, na kila mwanachama anaruhusiwa kuyaona.

Uendeshaji nao tumeufikiria, kwa sababu sote tunajua vifaa vya msaada vinavyogeuka kuwa mapambo. Mfugaji atachangia fedha kidogo kwa kila sampuli, ya kununulia chumvi, sabuni na glavu. Daftari litaonyesha tarehe, kitongoji, umri wa mbuzi, hesabu, dawa iliyotolewa, na hesabu ya siku ya 14. Kila mwaka kamati italeta muhtasari wa daftari hilo kwenye mkutano huu: mbuzi wangapi wamepimwa, wangapi hawakuhitaji dawa, na ni dawa gani bado inafanya kazi Mgeta. Wananchi wanaotoa fedha zao wana haki ya kuonyeshwa hesabu ya mayai kama wanavyoonyeshwa hesabu ya shilingi.

Na dawa? Sikusema dawa isinunuliwe. Nasema inunuliwe baadaye, kidogo, kwa mbuzi waliohesabiwa, na ile iliyothibitika kuwa inaua. Chupa moja inayokwenda kwa mbuzi sahihi ina thamani kuliko katoni inayomwagwa kwa wote.

Wakati tunasubiri, kuna mambo yasiyohitaji hata senti. Waambieni ndugu zetu nyumbani wakate majani jua likishakausha umande, wakate juu kidogo na si kwenye mashina. Wasiyatandaze majani kwenye sakafu, wayaning'inize au wayaweke kwenye hori. Samadi iondolewe chini ya banda na ilundikwe ioze kabla ya kwenda shambani, maana joto la lundo linaua mayai mengi. Mbuzi mgeni asichanganywe na wenzake siku anayofika. Hayo yote yanapunguza minyoo bila kuzalisha usugu.

Ndugu zangu, wazee waliotutangulia walichonga matuta kwenye miteremko ile kwa jembe la mkono, na hadi leo tunakula kutokana nayo. Hawakuuliza kama tuta linapendeza kwenye picha. Waliuliza kama udongo utabaki. Nasi tuulize hivyo hivyo: tukitoa fedha hii mwaka huu, baada ya miaka kumi watoto wetu watabaki na dawa zinazofanya kazi, au watabaki na makopo matupu na minyoo wasiokufa?

Fomu za ahadi ziko katikati ya kijitabu hiki. Anayeweza kulipia hadubini peke yake, Mungu ambariki. Wanaoweza kuungana ukoo kwa ukoo, wajomba kwa wapwa, wakalipia slaidi moja au kabati, tutaandika majina yao kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Asiye na zaidi ya nauli yake ya leo alete kilo moja ya chumvi. Nayo itaelea mayai. Mimi ninaanza kwa mizani ya kumpimia mbuzi uzito, na pia siku zangu za likizo nitazitumia Nyandira kuwafundisha vijana mwezi wa kwanza wa kazi.

Mwenyekiti, nusu yangu ya saa imekwisha.